Hapatikani Siku ya Soko

Ofisini, Moshono
Jumamosi, saa kumi alasiri

Nasieku mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba mwandishi wa barua huanza kwa kusema yeye ni mzima, na hofu yake yote iko kwa anayeandikiwa. Leo nitageuza. Wewe ni mzima kabisa, nimekuacha nyumbani unaimba huku umekalia sanduku ili lifungike. Hofu yote ninayo mimi.

Ninaandikia ofisini kwa sababu nyumbani ungesimama nyuma yangu na kusoma kabla sijamaliza sentensi. Mlango nimeufunga na ufunguo nimeukagua mara mbili. Karatasi hizi nimenunua mwenyewe dukani. Cheka tu, lakini siku watakapokuja kukagua karatasi za chuo, jina la mama yako halitakuwemo.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kutoazimisha sufuria nimeyaandika kwenye karatasi nyingine na kuibandika ndani ya kifuniko cha sanduku. Nilianza na mambo kumi, yakafika thelathini na moja. Usiyasome yote siku moja, utarudi nyumbani kwa woga. Hapa nataka kukuandikia yale yasiyobandikika.

Tena kuna jambo nimekuficha. Linahusu fomu yako ya chuo cha Singida, na nitalisema kabla sijasaini barua hii. Lakini unanijua, siwezi kuingia mlangoni bila kuizunguka nyumba kwanza. Nivumilie.

Nilikuwa na miaka kumi na saba ulipoanza kuonekana chini ya sketi yangu ya shule. Shule ikanirudisha nyumbani. Baba yako unamjua, ni mtu wa kupiga simu Krismasi. Kwa hiyo tulibaki mimi, wewe na mama yangu, koko yako, kule upande wa magharibi wa mlima, kwenye vumbi na ng'ombe. Koko hakunigombeza. Alinyamaza tu, na wewe uliyezoea koko anayesema kuanzia alfajiri huwezi kujua ukimya ule ulikuwa mzito kiasi gani. Nilijifunza kutembea bila kutoa sauti. Nilijifunza kuuliza kwanza nani yuko nje kabla ya kutoka nje. Tabia hiyo ndiyo unayoiona mpaka leo, sikuzaliwa nayo.

Ulipofika miezi minane, asubuhi moja koko aliniambia, "Vaa viatu." Hakusema tunakwenda wapi. Tukashuka mpaka mjini, tukavuka mji, tukafika hapa hapa chuoni, mbele ya dirisha hili ninaloliangalia sasa. Karani wa wakati ule alikuwa mwanaume mwenye kalamu tatu mfukoni. Koko akamwambia, "Nimekuletea wanafunzi wawili. Mmoja bado hajui kusoma."

Karani akasema, "Mama, chuo hakina mahali pa kuweka watoto."

"Sikuomba mahali pa kumweka mtoto," koko akajibu. "Nimeomba mahali pa kumfundisha mama yake. Huyu mdogo watu watamweka."

Na kweli, watu walikuweka. Darasani tulikuwa wasichana wengi, na siku za vitendo, tulipokuwa tunapasha maziwa na kuyagandisha, walikubeba kwa zamu. Mama Manka, ambaye hata wakati ule alikuwa anapika mtori na ndizi nyama pale nje ya geti, alikulaza kwenye tenga tupu la ndizi na kukufunika kwa khanga. Ulianza kutembea ukiwa umeshika ukuta wa jiko lake. Ndiyo maana mpaka leo anakuita "ndizi yangu", na wewe unanuna.

Nilimaliza usindikaji wa maziwa. Mwenzangu wa meza moja alikuwa Aikande, yule Mmeru wa Tengeru mwenye sauti ya kengele. Tulipohitimu alinishika mkono akasema, "Twende tukauze mtindi sokoni, mimi nitapiga kelele, wewe utapima." Nilikataa. Nilimwambia nataka kuendelea na masomo, na ni kweli niliendelea. Nilirudia mitihani ya kidato cha nne hapa hapa chuoni, nikasoma utunzaji wa kumbukumbu, nikarudi kuwa karani. Lakini sababu niliyompa Aikande ilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba sokoni kuna macho. Mteja anaweza kukuangalia akauliza, wewe si ndiye yule binti aliyefukuzwa shule? Faili halikuulizi hivyo. Unalifungua, unaliandika, unalirudisha kabatini, linakaa kimya.

Na wewe nikakutuma sokoni badala yangu tangu ukiwa na miaka tisa. Nilikuambia jua la Tengeru linaniumiza kichwa. Halikuwa jua, mwanangu.

Sasa nije kwenye mwaka jana, ulipokuwa unasubiri matokeo yako. Habari yenyewe unaijua, maana wewe ndiye uliyeianzisha, lakini hujawahi kuisikia kutoka upande wangu wa meza.

Wakubwa waliandika kutoka juu. Walitaka kujua vyuo vya wananchi kama chetu vinayanufaishaje maeneo vilipo, na hawakutaka maneno, walitaka orodha: waliosoma wako wapi na wanafanya nini. Chuo kitakachoshindwa kuonyesha matunda kitanyang'anywa vifaa na vipelekwe kwingine. Kwetu ulitajwa mtambo wa kupozea maziwa. Mtambo ukiondoka, darasa la maziwa linaondoka nao.

Madam Mkuu akaniita. "Majina yote unayo wewe. Wapigie mmoja mmoja."

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Orodha! Simu! Kazi ya kujua habari za watu bila kuonana nao! Nilichora jedwali kwa rula. Nikachagua siku zenye utulivu, Jumatano na Jumamosi, kwa sababu siku hizo ofisi hii huwa kama kanisa siku ya Jumatatu. Nusu ya walimu wanakuwa sokoni Tengeru, na wanafunzi wametoroka kuwafuata. Nikapiga simu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba. Simu inaita, inaita, inakatika. Mbele ya jina nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Hapatikani. Jina linalofuata: Hapatikani. Wiki tatu nilifanya hivyo, ukurasa juu ya ukurasa. Wachache waliopokea ni wale ambao siku hiyo hawakuwa na kazi yoyote, nao walinijibu kwa ukweli kwamba hawana kazi yoyote. Nikaandika hivyo pia.

Nikafunga jedwali, nikalipeleka kwa Madam. Akalipitia ukurasa kwa ukurasa. "Kumbe tumekuwa tukijidanganya," akasema polepole. Hakuuliza nilipiga siku gani. Aliniamini kwa sababu ya ile rula.

Siku ya Ijumaa ukaniletea chakula. Ulikaa kwenye kiti cha wageni ukawa unasoma nakala yangu huku unakula ndizi zangu.

"Mama, huyu Aikande ndiye Aikande?"

"Ndiye."

"Hapatikani kivipi? Si ndiye ninayenunua mtindi kwake?"

"Simu yake haipokelewi. Nimeandika kilichotokea."

"Ulimpigia lini?"

"Jumatano."

"Saa ngapi?"

"Saa nne hivi."

Ukaacha kutafuna. "Mama. Jumatano, saa nne. Hawa watu wa maziwa, wa mboga, wa mizinga ya nyuki. Walikuwa wapi?"

Nadhani nilijua jibu kabla hujamaliza kuuliza. Ukacheka mpaka ndizi ikakupalia, nikakupiga mgongoni, na mimi nikacheka kidogo ili usione aibu yangu. Mtu yeyote aliyekulia hapa, hata mbuzi wa hapa, anajua siku za soko la Tengeru. Mimi nilizijua vizuri kiasi cha kuzichagua kwa ajili ya ukimya wake, na sikufikiria ukimya ule ulikuwa umekwenda wapi.

Ulipoacha kucheka uliuliza, "Sasa?"

Nikakujibu, "Nyamaza kwanza."

Kupiga simu siku ya soko lilikuwa kosa la mjinga. Mjinga husamehewa. Kosa langu lenyewe lilianza na hayo maneno mawili. Nilijua, na nikakaa. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuisha, na nilijiona nikiingia kwa Madam kusema kazi ya wiki tatu ni takataka. Jumamosi ikapita, soko likajaa, sikwenda. Jumatatu nikapita getini nikamkuta Mama Manka amekaa mbele ya sufuria bila kukoroga.

"Shikamoo, Mama Manka."

"Marahaba, karani. Nimesikia chuo hakina matunda. Mnaondoa mtambo."

"Bado haijaamuliwa, mama."

"Mimi nikuulize, wewe uliyesoma. Wale wa pikipiki wanaoshusha maziwa ya mlimani kila asubuhi wanakunywa chai kwa nani? Kwangu. Ndizi nanunua kwa nani? Kwa wake zao, huko huko mlimani. Wanafunzi wamepanga vyumba kwa nani? Kwa jirani zako. Mkiutoa huo mtambo, mimi nitampikia nani? Mbuzi?" Kisha akaniangalia kwa jicho lake lile. "Nani amewaandikia kwamba hatuna matunda?"

Nilisema nimechelewa kazini. Nilikuwa nimewahi kwa nusu saa.

Unakumbuka mfereji uliopita juu ya shamba la bibi yetu, mama yake koko, kule mlimani? Ulikuwa na miaka sita nilipokupeleka. Maji yanachepushwa kutoka mtoni, yanapita kwa huyu, kwa yule, kila mtu na zamu yake. Ulichoniuliza siku ile hakikuwa juu ya mashamba. Uliuliza kwa nini pembeni mwa mfereji kumeota majani mabichi na hakuna aliyepanda. Jibu nililipata Jumatatu ile, mbele ya sufuria ya Mama Manka. Chuo kinafundisha watu kugandisha maziwa, hiyo ndiyo kazi yake, lakini kingo nazo zinanyonya. Mimi nilikuwa nimehesabu maji mwisho wa mfereji tu, tena siku ambayo wenye mashamba hawapo.

Jumatano asubuhi ukanivalisha viatu. Nakumbuka hukusema tunakwenda wapi. Ulisema tu, "Mama, vaa viatu," na sijui kama ulijua unarudia maneno ya nani.

Aikande alikuwa nyuma ya ndoo zake, aproni nyeupe, anapiga kelele zake. Wasichana wawili walikuwa wanampimia wateja na mwingine anakata jibini. Aliponiona alinyamaza, jambo ambalo naambiwa ni nadra.

"Ee! Karani! Jua limepatana na kichwa chako leo?"

Kumbe hata uongo wangu wa jua ulikuwa unamfikia.

"Nilikupigia simu," nikasema. "Mara tatu."

"Ni wewe? Namba ngeni siku ya soko! Nikajua tapeli, au mtu wa mikopo. Simu yangu Jumatano ni ya wateja na ya mwenye pikipiki, basi." Akafuta mikono. "Ulitaka nini?"

Nikamwonyesha jedwali. Alisoma neno nililoandika mbele ya jina lake, kisha akaligeuzia wale wasichana. "Njooni muone, bosi wenu hapatikani! Mnafanya kazi kwa mzimu!" Akacheka kwa ile sauti ya kengele, na wateja wakageuka. Macho yote yale niliyoyakimbia kwa miaka mingi yakawa juu yangu kwa mara moja. Mama mmoja muuza vitunguu, ambaye baadaye nilimkumbuka alikuwa darasa la ushonaji wakati wetu, akaninyooshea kidole.

"Wewe si ndiye uliyekuja chuo na mtoto mgongoni?"

Nikasema, "Ndiye mimi."

"Mtoto yuko wapi?"

Ukainua mkono kama uko darasani. Yule mama akatoka nyuma ya vitunguu vyake akakukumbatia mpaka miguu yako ikaachana na ardhi. "Huyu! Huyu nilimbeba mimi! Alinikojolea siku ya mtihani!" Mwingine akaja kusema hapana, siku ile ya mtihani aliyekojolewa ni yeye. Wakaanza kubishana.

Nimeishi na woga huo miaka yote hiyo, Nasieku, nikiamini soko zima linakumbuka nilivyofukuzwa. Kumbe soko lilikuwa linakumbuka zamu za kukubeba. Sikukuambia siku ile kwa nini nililia. Nilikuambia ni vitunguu.

Aikande alitutembeza yeye mwenyewe, aproni na yote. Huyu anatengeneza mizinga ya nyuki na amefundisha wadogo zake. Yule ana kitalu cha miche ya parachichi. Huyu hakufanikiwa, alifungua, akafunga, sasa anasaidia kwa mwenzake, andika na hilo. Niliandika mpaka kalamu ikaisha wino, nikaazima ya muuza mayai. Wote wale nilikuwa nimewafuta duniani kwa neno moja lenye mwandiko mzuri.

Alhamisi niliingia kwa Madam nikiwa na barua ya kujieleza, nakala tatu. Aliisoma akiwa amesimama. Akauliza, "Jumatano?" Nikasema, "Na Jumamosi, Madam." Akakaa. Akavua miwani, akaiweka mezani, akacheka mpaka mhasibu akachungulia kuona kuna nini. Kisha akavaa miwani tena, na mtu aliyevaa miwani ile hakuwa anacheka.

"Ulijua lini?"

"Ijumaa."

"Leo ni Alhamisi. Kupiga Jumatano nitawasimulia wajukuu. Ila toka Ijumaa mpaka leo umekaa na jambo lisilo lako. Hilo nitakuandikia barua."

Aliandika kweli. Barua ya onyo ilinijia kama barua nyingine zote, kupitia meza yangu. Niligonga muhuri wa kuipokea, nikaipa namba, nikaifungia ndani ya faili langu mwenyewe. Iko pale, imenyooka, haina kunyanzi.

Wale wakubwa walipokuja, Madam aliwapangia ziara siku ya Jumatano, na kikao akakifanyia sokoni, wageni wamekalia makreti ya nyanya. Aikande aliwahutubia bila kipaza sauti na hakukihitaji. Mtambo ulibaki. Sitaki uchukue barua hii kama hadithi ambayo kila kitu kinanyooka, kwa sababu darasa la ushonaji lilifungwa hata hivyo. Tulitafuta wahitimu wake siku zote za wiki, na wengi walikuwa wameacha cherehani kwa ajili ya nguo za mitumba. Ukweli ukiutafuta vizuri, unaupata pia ule usioupenda.

Sasa nimefika mlangoni.

Likizo ile tulipokwenda kwa koko, pampu ya kisima ilikuwa imekufa. Kijiji kizima na ng'ombe wake walikuwa wanamsubiri fundi kutoka mjini, na fundi alikuwa anasubiri nini hakuna aliyejua. Watu waliuza mifugo iliyokonda, kinamama waliacha bustani kwa ajili ya kufuata maji mbali. Ulimwuliza koko, "Wote hawa wanamsubiri mtu mmoja?" Koko akasema ndiyo, mmoja. Ukasema, "Basi nitakuwa mimi." Koko akakucheka. "Wewe? Utatumbukiza spana kisimani, tukose maji na spana." Lakini usiku ule nilimsikia anakuombea kwa Kimaa, akitaja jina lako na neno spana.

Mimi nilikuwa na mpango mwingine. Matokeo yako yalitosha kusomea kazi yangu, na nilikwisha kuona meza yako pembeni ya meza yangu. Kazi ya kivulini. Hakuna anayekutazama. Wewe ukaomba chuo cha Singida, ufundi wa pampu na umeme jua, kwa sababu hapa kwetu hatuufundishi.

Uliomba kupitia ofisi hii, na fomu yako ya kukubaliwa ilifika kwenye meza hii. Ilihitaji sahihi ya mzazi na kurudishwa haraka. Kila jioni ulikuwa unauliza, "Mama, bado?" na mimi najibu, "Barua za mbali huchelewa, mwanangu." Haikuchelewa. Nilikaa nayo siku tisa ndani ya faili la mambo yanayosubiri. Nilijiambia bado naifikiria. Nilikuwa nasubiri muda upite wenyewe, ili Singida ikukatae na mimi nisiwe nimekataa.

Siku ya tisa nilifungua faili langu kuweka ombi la likizo, na ya kwanza juu ilikuwa ile barua ya onyo. Umekaa na jambo lisilo lako. Sikuisoma mara mbili. Nilisaini fomu yako nimesimama, nikakimbia mpaka stendi na viatu vya ofisini, nikampa kondakta wa basi la Singida mkononi, nikamwandikia na jina la wa kuipokea. Ilifika zikiwa zimebaki saa chache. Ulipopata jibu ulinikumbatia ukasema, "Mungu amewaharakisha." Nikanyamaza. Hiyo imenichoma kuliko onyo la Madam.

Nakala ya fomu nimeiambatisha hapa nyuma. Utaona muhuri wa kupokelewa, na tarehe yake ni ya siku ileile ilipofika. Hata nilipokuwa naificha niligonga muhuri, mkono wangu haujui kufanya vinginevyo. Tarehe nimeizungushia duara ili usiitafute. Una haki ya kukasirika, na safari ni ndefu, utapata muda wa kutosha kabla ya Babati. Baada ya Babati naomba unisamehe.

Sitakuambia urudi ukimaliza. Kwenye ripoti yangu niliandika kwa fahari kwamba wanaosoma katika vyuo hivi hubaki katika maeneo yao na kuyainua, na niliamini nilipoandika. Lakini sitaki uje nyumbani kujaza jedwali langu. Labda visima vya Singida vitakuhitaji zaidi. Koko ana neno lake la mfereji, kwamba aliyepitiwa na maji, siku ya kusafisha mfereji aje na jembe. Hasemi aje na shamba lake. Siku ya kusafisha utaijua mwenyewe.

Na ukiharibu, maana utaharibu, utafunga pampu kichwa chini na kijiji kizima kitakusimamia, sema siku hiyo hiyo. Sikuambii kwa sababu ni wema. Nakuambia kwa sababu nimejaribu kukaa nalo siku sita, na nimejaribu siku tisa, na usingizi wa siku hizo sikuwahi kurudishiwa.

Asubuhi tutakwenda stendi pamoja. Mama Manka amesema atakuja na ndizi za kutosha basi zima, na utanuna atakapokuita jina lile mbele ya watu. Mimi nitakagua tiketi mara tatu, uniache. Nitakupa barua hii basi likishaanza kuondoka, kwa sababu bado mimi ni mimi.

Ukifika nipigie, siku yoyote, saa yoyote. Ila Jumatano na Jumamosi asubuhi usihangaike. Nimeanza kwenda sokoni na daftari, naandika nani amefungua, nani amefunga, nani ameajiri nani, na simu ananishikia Aikande ndani ya mfuko wa aproni, ambamo haisikiki hata ikilia. Jua la Tengeru ni kali kweli, kumbe sikudanganya kabisa. Ukiulizwa na wenzako mama yako yuko wapi siku hizo, wajibu kwa neno langu la zamani, hapatikani, kisha waambie kwa nini.

Ni mimi mama yako,
karani wa dirisha la kwanza

Kiambatisho: nakala moja ya fomu, tarehe imezungushiwa duara.